Adhana Juu ya Kiboriani

Mpwapwa,
20 Mfunguo Nane, 1330

Mpendwa dada yangu Arafa,

Shikamoo. Nataraji barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Zaidi na wote wa nyumbani Bagamoyo. Kifua chako je, kimetulia? Na homa ya watoto imekwisha? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, baridi tu ndiyo inatuchapa. Mke wangu Jaha amenona mpaka majirani wanamtania.

Nakujua, dada. Macho yako yamekwisha kukimbilia chini kutafuta habari za baba. Usiruke mistari! Soma kwa utaratibu, nitakueleza yote.

Alifika salama. Nilimpokea stesheni ya Gulwe, akashuka kwenye gari la moshi ana vumbi mpaka kwenye kope, anacheka peke yake. Njia aliyoitembea ujanani kwa miguu, na pembe za ndovu begani, safari hii ameipita amekaa kitako. Kutoka Gulwe mpaka Mpwapwa hakunyamaza: hapa tulilala, hapa maji yalikuwa machungu, hapa fulani tulimzika.

Asubuhi yake akatoka uani, akautazama mlima Kiboriani, huu uliotusimamia juu ya mji. Akasema, "Makame, nimeupita mlima huu sijui mara ngapi, wala sikuupanda. Kila mara nilikuwa na mzigo. Leo sina mzigo."

Nikajua nimekwisha. Ulinionya juu ya magoti yake, nami nikakuapia kwamba nitamrudisha kwako kama ulivyomtoa. Lakini baba yetu unamjua, akishasema amesema.

Tukamwendea rafiki yangu Matonya, Mgogo mfugaji anayeujua mlima ule. Alipotuona na bakora na kibuyu cha maji akauliza, "Mmepoteza ng'ombe?" Nikamwambia hapana. "Mnakwenda kurina asali?" Hapana, tunakwenda kuona tu. Alicheka mpaka akakaa chini. Huku mtu hapandi mlima bila kutafuta kitu. Lakini alikuja, kwa heshima ya mzee.

Dada, sikujua! Miaka yote hii nalala chini ya mlima, sikujua uko hivi. Chini ni miiba na udongo mwekundu, lakini ukipanda miiba inakwisha, unaingia kwenye miti mikubwa yenye ndevu za kijivu, na maji yanatiririka baridi hata meno yanauma. Wamisheni wamejenga nyumba huko za kukimbilia joto likiwazidi, na sasa siwalaumu. Baba alikuwa akipapasa kila mti, "Subhanallah, Subhanallah." Magoti hakuyataja.

Karibu na kilele ukungu ukatushukia. Ule wa kwetu wa alfajiri si kitu, huu ulikuja ghafla kama mtu katutupia shuka usoni. Nilikuwa nimeinama kufunga kiatu. Nilipoinuka, baba hayupo.

Tukaita. Upepo ukayachukua maneno yetu. Nikataka kukimbia mbele, Matonya akanikamata mkono kwa nguvu, akasema upande ule mlima umekatika, ng'ombe wake mmoja alipotelea hapo. Wallahi, dada, nilikuona wewe umesimama mlangoni unaniuliza baba yuko wapi.

Ndipo nikaadhini. Masikio yake unayajua, kelele fupi hazimwingii. Lakini adhana yeye ndiye aliyenifundisha. Nikasema ataijua sauti yangu, ataifuata. Nikaadhini kwa pumzi yangu yote, majabali yakaitikia huku na huku. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Mara ukungu ukafunguka. Baba alikuwa mbele yetu, mbali kidogo, juu ya mwamba, amesujudu. Mzee wa watu kasikia adhana, kasimama palepale, katayamamu kwa vumbi la mwamba, anasali! Na mbele ya kipaji cha uso wake mwamba ulikuwa umekwisha. Hapana kitu tena, ni hewa tupu. Chini kabisa imetandazwa nchi yote ya Ugogo, nyumba zao za tembe ndogo huzioni vizuri, na moshi wa gari unatambaa kuelekea Dodoma. Lau asingesimama kusali, leo ningekuandikia barua nyingine.

Hatukuthubutu kumwita. Akatoa salamu kulia na kushoto, akainua macho, akaona. Alikaa vile, mikono juu ya mapaja. Nikatambaa kwa tumbo mpaka nikaishika kanzu yake. Hakugeuka. Akasema taratibu, "Makame, adhuhuri haijaingia. Umeadhini kabla ya wakati."

Nikamwambia, "Ndiyo, baba. Nawe kibla umekipa mgongo."

Tukacheka, tukalia, sijui kipi kilitangulia. Matonya akauliza, "Haya, mmeona?" Baba akamjibu, "Tumeona."

Wakati wenyewe ulipoingia tulisali tena, mbali na ukingo. Kushuka nilimshika mkono. Tukafika mjini, tukakatiza sokoni, watu wanatutazama, mzee na ndevu zake anaongozwa na mwanawe kama kipofu. Sikumwachia. Naye, mtu asiyetaka hata kusaidiwa kuvuka mfereji, hakuutoa mkono wake.

Ameniapisha nisikuambie. Atakuja mwezi ujao, atakuambia aliona mlima mzuri tu. Mwitikie. Usimgombeze, nakuomba.

Nisalimie shemeji Zaidi, mama mdogo Hana, na Yahaya mwambie kanzu yake inashonwa. Jaha anakubusu mikono.

Mungu akuweke, akuondolee kifua, atuwekee na mzee. Bado tuna baba, dada.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Makame