Mkate Uliotundikwa Ukutani

Kwako Bibi Oydin, Samarkand,

Shikamoo Bibi. Hapa hospitali Tashkent sijambo, na mdomo wangu ndio mzima kuliko vyote. Mwenzangu wa chumbani, Saodat, anakoroma kama trekta, halafu asubuhi anadai ni mimi.

Kukimbia nimekatazwa mpaka nirudie kula kama watu. Daktari aliniambia, "Ubongo wako umezoea kukupigia makofi kila ukikimbia na njaa. Tutaufundisha ukupigie makofi ukila." Nikamjibu, "Kwa supu hii, daktari? Labda muupe rushwa kwanza." Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini jana, kwenye kijiko cha kumi cha pilau, niliyasikia hayo makofi. Mawili tu, Bibi, tena ya mtu mvivu, ila niliyasikia.

Sasa usinikasirikie. Siku ile naondoka ulinipa mkate niung'ate, kama ilivyo desturi yetu kwa msafiri, ukautundika ukutani unisubiri nirudi niumalize. Sikuung'ata. Niliubana kwa midomo tu nikakurudishia haraka, maana nilijua macho yako hayaoni vizuri. Tangu siku hiyo najiona kama mtu aliyeaga bila nia ya kurudi.

Basi ukija kuniona Jumapili, ule wa zamani uwape njiwa, uniletee mwingine mpya. Nitaung'ata mbele yako. Upitishe kidole penye alama za meno mpaka uridhike, ndipo uende ukautundike.

Ni mimi mjukuu wako, ninayerudi,
Zulhumor