Mrija Mkavu wa Cassien

KITUO CHA POLISI BUGARAMA, MKOA WA CYANGUGU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mukabalisa Gaudiose
Umri: Miaka 47
Kazi: Kupika na kuuza pombe ya ndizi
Makazi: Bugarama, karibu na mfereji mkubwa wa mashamba ya mpunga
Yameandikwa: Jumamosi, 12 Julai 2003, saa 10:15 alasiri

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimesikia Cassien amewekwa ndani kwa kumshambulia Mzee Théoneste akiwa mlevi. Kushambulia sikujui, lakini kuhusu ulevi niulizeni mimi, maana ndiyo kazi yangu.

Cassien namfahamu tangu Machi 2002, aliporudi kutoka vita vya Kongo, alikokuwa askari. Anabeba magunia kwenye mashine ya mpunga. Kilabuni kwangu kila mteja wa kudumu ana mrija wake wa tete, anauchomeka kwenye nyasi za paa juu ya mahali anapokaa, na hakuna mwingine wa kuugusa. Wa Cassien haukuwahi kukauka. Alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho, nami nikajisifu sokoni kwamba yule bwana anajua pombe nzuri.

Aprili mwaka huu mkewe, Niyigena, alichukua watoto wawili akarudi kwao Nyakarenzo. Alimwambia atarudi pindi Cassien akimaliza mwezi mzima bila kunywa.

Mnamo tarehe 11 Juni, saa 12 asubuhi, Cassien alikuja, akachomoa mrija wake, akanipa. Akasema, "Maman Gaudiose, unichungie huu. Hata nikilia, usinipatie." Nikamuuliza pombe yangu imemkosea nini. Akajibu, "Pombe yako sijue hata ladha yake. Nikikunywa, siko nasikia kitu. Nikiacha, masasi ya vita inarudia mu masikio." Nilinuna, afande. Zaidi ya mwaka nilidhani anapenda ufundi wangu, kumbe angekunywa hata maji ya betri! Baadaye nikaona aibu. Nilikuwa nikimuuzia kitu cha kuziba masikio, na vita viko palepale ndani yake.

Tarehe 19 Juni, machimbo ya mawe yalipopasua mwamba kwa baruti, alikuja mbio kuomba mrija. Nilikataa. Nikampa kisu na beseni la viazi. Alimenya vyote, akaomba vingine. Nyumbani kwangu tulikula viazi siku tatu.

Leo saa 5:30 asubuhi tulikuwa tunapeleka vinywaji vya posa kwa akina Mukeshimana, nyumbani kwa bibi harusi, kwa njia ya kando ya mfereji. Mzee Théoneste, baba mdogo wa bwana harusi, alitangulia na suti ya kijivu na kofia. Cassien alimfuata na kasha la soda kichwani; pombe alikataa kuibeba. Mimi nilikuwa hatua nne nyuma yake. Lori la mchele lilipita barabarani, mpira wa gurudumu lake ukapasuka kwa mshindo.

Cassien alitupa soda, akamkumbatia Mzee, wakaenda wote wawili mferejini. Akamlalia juu, akipiga kelele, "Ulale, Mzee! Usinyanyule kichwa!" Tulicheka. Hata mimi nilicheka, andika hilo pia. Kofia ilikuwa inaelea kuelekea Burundi. Kisha nikaona mikono ya Cassien. Ilikuwa imekifunika kichwa cha Mzee kama unavyomfunika mtoto mchanga. Kicheko kikaniishia.

Mzee alipotolewa alisema, "Huyu muntu amelewa! Bamufunge!" Polisi walifika saa 6:10.

Afande ameniuliza nina hakika gani kwamba Cassien hakunywa kwingine. Nilimnusa. Niliingia mferejini kumwinua, tukawa uso kwa uso. Alinuka matope tu. Aliyenuka pombe alikuwa Mzee Théoneste, na pombe ilikuwa yangu, maana saa 3 alikuja kuionja kama ilivyo desturi ya posa, akaionja mara sita. Simsemi vibaya, ndiyo kazi aliyopewa. Lakini Cassien angekuwa amelewa, mpira ungepasuka naye angeendelea kutembea. Alisikia kwa sababu hakulewa.

Mrija wake nimeuleta. Nilikuwa nimeuficha juu ya kabati. Ushikeni wenyewe: umekauka, na buibui amehamia ndani.

Mwezi wake ulitimia jana. Kesho Jumapili, saa 4 asubuhi, Niyigena anashuka hapa barabarani na watoto. Naomba amkute Cassien amesimama pale, amenawa, na siyo nyuma ya mlango wenu. Mteja wangu bora nimempoteza, na nimefurahi.

Haya nimeyaona kwa macho yangu na kuyanusa kwa pua yangu, na ndiyo maelezo yangu.

Sahihi: Mukabalisa G.

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, ameyakubali. Mzee Théoneste naye amesomewa, amecheka, kisha amefuta malalamiko. Amesema tangu mama yake afariki hakuna aliyemkinga namna hiyo. Anadai kofia tu. Cassien ameachiwa saa 11:40 jioni. Amewekewa mezani vitu vyake vitatu: mkanda, viatu na mrija. Amechukua mkanda na viatu.

Koplo Manzi