Pikipiki Yako Iko Sebuleni kwa Mama

Muchiri,

Sijui mtu huanzaje barua kama hii. Siwezi kukuuliza hali, na nikisema mimi ni mzima nitakuwa nakudanganya kidogo. Wacha nianze na pikipiki yako, maana najua ungeiulizia kwanza kabla hata ya kuniuliza mtoto wangu anaendeleaje.

Iko sebuleni kwa mama yako, hapo Kiganjo. Tulipotoka kukuzika alisema haiwezi kulala nje. Mimi na mwenzetu Karis tuliiingiza, tukasukuma kochi refu mpaka ukutani. Ameifunika na shuka ya maua. Wageni wakija wanakaa wakiangaliana nayo wakinywa chai.

Haiwaki, Muchiri. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na nimeshindwa kukuambia kwa njia nyingine.

Unakumbuka tulivyokuwa. Steji yetu nzima ya boda ilikuwa ya petroli, kila jioni tunanuka petroli mpaka kwa chakula. Halafu siku moja ukarudi kutoka Ruiru ukiwa umenyamaza, na wewe si mtu wa kunyamaza. Kampuni moja ilikuwa imekupa pikipiki ya stima, ya betri, uijaribu. Ukaniambia, "Njoro, haina kelele. Nimesikia ndege njia yote." Nilicheka. Mtu mzima, dereva wa boda, ananiambia mambo ya ndege.

Ukanieleza vile inafanya kazi. Unaingia kwa kituo chao, unatoa betri iliyoisha, unapewa iliyojaa, unaenda zako. Pikipiki ni yako, betri ni yao. Nikakuuliza, na wao wakienda je? Ukaniangalia kama mtu ambaye hajaelewa swali. "Waende wapi, na serikali yenyewe ndiyo inazitaka hizi?"

Nilikuamini. Tulikuamini wote. Ulituchukua mmoja mmoja, Karis akawa wa mwisho, akauza ile yake ya petroli ambayo alikuwa anaiosha kama mtoto. Na sitasema ulikosea, kwa sababu ule mwaka tulikuwa vizuri. Yule mama wa mayai alikuwa anakataa kubebwa na mtu mwingine, anasema kwetu mayai hayatikisiki. Walimu walifika shule bila kunuka mafuta. Bila mtetemo wa injini, mkono wangu ukaacha kufa ganzi jioni.

Halafu ukaanza kulalamika kichwa. Tulidhani ni jua. Ulipoanza kutapika nilikupandisha kwa pikipiki yako, nikakufunga kwangu na ile leso ya mama yako usianguke, tukaenda hospitali. Kwa sababu haina kelele, nilikusikia ukipumua mgongoni mwangu njia yote. Bado nakusikia. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo na kwamba tumechelewa. Sijui tungewahi vipi. Juzi yake ulikuwa unabeba watu.

Sasa nikuambie yaliyofuata.

Hata maua ya kaburini hayakuwa yamekauka vizuri betri zilipoanza kuadimika. Unafika kwa kituo unakuta foleni. Yule dada wa hapo anasema ngojeni gari liko njiani. Gari lenyewe likawa linakuja siku moja, siku tatu halionekani. Halafu asubuhi moja tukapata mlango wa chuma umeshushwa. Tukasema labda kituo cha Ruiru kiko wazi. Tukasukuma zingine, tukapanda zingine zilizokuwa na chaji kidogo, na huko Ruiru tukakuta askari wa mlangoni peke yake na rafu tupu. Akasema walikuja na lori wakabeba kila kitu, hata yeye mshahara wake hajui. Simu ya ofisi, mteja hapatikani. Mpaka leo, mteja hapatikani.

Zile betri tulizobaki nazo zilijifunga zenyewe. Ndani kuna kitu kinachoongea na kompyuta yao, na kikikosa jibu kinakataa. Nilipeleka yangu kwa fundi mmoja Makongeni, mzee anayetengeneza redio na televisheni. Aliigeuza, akaipima, akaweka chaja yake, taa ikawa nyekundu tu. Akaniambia anaweza kuipasua, lakini ikishika moto nyumba yake inaenda, na watoto wake wamo ndani. Ningemlazimisha vipi? Nilibeba betri yangu nikarudi nayo nyumbani kwa miguu.

Nikasikia kuna mkutano Thika mjini, wa usafiri usiotumia mafuta. Nilivaa ile shati nyeupe ya harusi ya dada yako. Walisema mambo mazuri, Muchiri, ungefurahi. Kwamba sera iko tayari, kodi ya pikipiki za stima itaangaliwa, kwamba petroli ni ya jana. Nikainua mkono nikaeleza yetu. Mama mmoja wa hapo mbele alinisikiliza kabisa, hakunikata. Akaandika jina langu. Akasema pole sana, ila hiyo ni kampuni ya watu binafsi, na kampuni huja na kwenda, labda tutafute wakili. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana nilitoka nikiwa sijui nimkasirikie nani. Angekuwa mbaya ningepata mahali pa kuanzia.

Kuna jambo lingine. Nimeliweka mwisho nikitumaini litanitoka akilini, lakini halitoki.

Kwa steji wakaanza kutaja jina lako. Muchiri ndiye alituingiza. Mwanzoni ilikuwa mzaha, halafu ikaacha kuwa mzaha. Siku moja Karis akaenda kwa mama yako, na mimi nikamfuata, nikidhani kutakuwa na vita. Hakukuwa na vita. Alikaa kando ya pikipiki yako, kofia mkononi, akasema, "Mama, sijakuja kwa ubaya. Nataka tu mtu aniambie nifanye nini."

Mama yako alimpikia chai. Alikunywa yote, akashukuru, akaenda. Baadaye mama yako akaniuliza polepole, bila kuniangalia, "Muchiri alikuwa anawadanganya?"

Nikasema hapana, mama, hata siku moja.

"Basi kwa nini iko hivi?"

Nikachukua kikombe cha Karis nikaenda kukiosha.

Karis sasa anafanya vibarua vya mjengo huko Theta. Lori la skrapu, la kununua vyuma chakavu, lilipita steji, wenzetu wakauza zao. Nami niliuza yangu. Niliwaona wakiirusha juu ya mabati na vitanda vya chuma, nikageuza uso. Sasa naendesha ya mtu mwingine, ya petroli, na mkono umerudia kufa ganzi. Bei ya mafuta imepanda tena wiki hii. Kila nikijaza tanki nasikia sauti yako ukinihubiria.

Na unajua nini? Kuna kampuni nyingine imekuja, na pikipiki zao za rangi nyingine. Wanasema maneno yaleyale uliyoniambia, karibu neno kwa neno. Madereva wadogo wananiuliza, boss, tuingie? Wewe ulikuwa umeona vizuri kabisa, Muchiri, na sisi bado tulipotea. Mtu anamwambiaje kijana kitu kama hicho?

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, mama yako alifunua shuka. Akasema, "Njoroge, iwashe tu kidogo. Niisikie." Nilijaribu kumweleza haiwezi, na kwamba hata ikiwaka haitoi sauti. Aliendelea kuningojea. Basi nikatia ufunguo, nikageuza. Kioo kikabaki cheusi. Nikageuza tena, na tena, kwa sababu alikuwa amesimama pale. Mwishowe akasema, "Sawa, baba," akaifunika mwenyewe.

Siwezi kukuahidi itawaka. Siwezi kukuahidi kina Karis watapata chochote, au kwamba jina lako litasafishwa kwa steji. Nitakachofanya ni hiki kidogo: yako haitapanda lori la skrapu mama yako akiwa hai, na mtu akisema uliwauza wenzako nikiwepo, hatamaliza hiyo sentensi kabla sijaongea.

Pumzika, rafiki yangu. Lazima niende. Mama yako anataka kupiga deki sebuleni, na hawezi kuisogeza pikipiki yako peke yake.

Ni mimi,
Njoroge