Volti Arobaini na Mbili Kila Upande

Jumapili, 9 Machi

Besi imekufa. Jana, saa moja na robo jioni, maharusi wakiwa bado mlangoni. Pu! — kisha kimya. Bendi ikamaliza harusi bila besi, kama mtu aliyekatika kisigino cha kiatu. Mume wangu — Nguzo, kama wenzake wanavyomwita — alikaa juu ya spika na gitaa lake la besi mapajani mpaka keki ikakatwa. Amplifaya imeletwa leo imefungwa kwenye shuka. Shuka langu! Lile jipya.

Fyuzi imeungua. Fyuzi haijiui. Kuna kilichoiua.

Kaniambia, kwa ule upole wake wa kuniudhi: Fundi wangu, Jumamosi tuna harusi nyingine. — Kalenda naijua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebadili fyuzi, nikaiwasha kupitia balbu. Nafunga balbu njiani. Umeme ukizidi inawaka balbu, mali ya mtu inasalimika. Hilo sikufundishwa na mtu, nilifundishwa na vidole kuungua.

Mita: upande wa chanya, volti 42. Upande wa hasi, 26 tu! Pande zote zinatakiwa ziwe sawa, kama mizani. Kapasita, kile kikopo cha kutunza umeme, ya upande wa hasi imevimba kama shavu lenye jino bovu. Nimeing'oa, nimechomelea mpya. 42 kwa 42. Nikajipongeza kwa chai.

Ila kitu kimoja kinanikera. Sauti ilikuwa imefunguliwa mpaka kumi. Ukumbi ule tano inatosha, na chenji inabaki. Nani anaikamua hivyo mpaka inavimba? Nimemuuliza. Eti ukumbi mkubwa. Ukumbi ule taa zake nimefunga mimi!

Jumanne, 11 Machi

Kaijaribu. Vikombe vikacheza kabatini. Wifi, dada yake, kapiga kelele toka jikoni: we, hii nyumba ina bima? Nguzo kakunja uso. "Bado haina tumbo, fundi wangu, sauti nyepesi."

Haina tumbo! Nikaipima huku anapiga. 42, akikaza mkono zinashuka 39, zinarudi, pande zote pamoja kama mapacha. Nikaambiwa haina tumbo mbele ya wifi! Na wifi hakosi neno: labda kaka anataka yenye mimba.

Nimempakulia bila kumtazama.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo fundi hafanyi. Nimerudisha kapasita mbovu. Kwa hasira — na kwa shaka. Nilifikiri labda sikio lake limeuzoea ule ubovu.

Ikaanza kunguruma. Ngurumo nzito ya chini, ile inayoingia mpaka kwenye meno. Wifi katoka jikoni kaziba masikio. Nguzo alikuwa pembeni yangu kabisa, anafuta nyuzi kwa kitambaa. Hakuinua kichwa. Kamaliza uzi wa mwisho, kaukunja kitambaa vizuri. "Umeshaizima? Twende tukale basi."

Wifi kanitazama. Nami nikamtazama. Nikazima.

Maneno anayasikia. Filimbi ya mtoto wa jirani inamuudhi kuliko inavyoniudhi mimi. Ni zile sauti nzito za chini — hazisikii. Ndiyo maana anafungua mpaka kumi. Ndiyo maana siku hizi anapiga peku, mguu juu ya spika apate mtetemo, nami nikidhani ni madoido!

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wangu kaumbuliwa na kapasita.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nimemwendea mpiga ngoma wa bendi, kwenye duka lake la viatu. Nikamuuliza. Akaanza kuhangaika na kamba za kiatu cha watu. "Shemeji, usiniingize kati ya sufuria na mfuniko." Nikavuta kiti cha wateja, nikakaa. Akaona siondoki. "Hajakosea hata pigo moja, shemeji. Anatazama mguu wangu unavyokanyaga ngoma. Tangu mvua za mwaka jana."

Kwa hiyo mpiga ngoma anajua. Mimi ninayeona volti moja ikipotea — sijui!

Njia nzima napanga kufoka. Nikamkuta sebuleni anaipangusa amplifaya vumbi kama kitoto kilichotoka kuoga. Kufoka kukaniisha. Nikarudisha kapasita nzima, nikawasha. Nikachukua mkono wake, nikaulaza juu ya mbao ya spika, nikaupiga mwenyewe ule uzi mnene wa gitaa. Uso wake ukafunguka wote. "Huyo," kasema. "Huyo ndiye." Tukakaa sakafuni, kiganja changu juu ya chake, nikapiga mpaka kidole kikauma.

Kisha nikamuuliza habari ya masikio yake. Kacheka! Eti imepona, fundi wangu hana mpinzani. Kaingia kuoga. Maji yamenyamaza kitambo, hatoki.

Kuogopa kutolewa kwenye bendi, naelewa. Kuniogopa mimi, sielewi. Nimevaa jina lake, nimemfungulia mashine zake zote, na bado nafichwa?

Mpiga ngoma anakuja na gari kesho saa nne asubuhi. Kifuniko cha amplifaya kiko wazi, skrubu zake nane zimo mfukoni mwangu. Nimemwambia kwenye mlango wa bafu, polepole, kila neno peke yake: Besi unaisikia au huisikii? Jumatatu tunakwenda wote kwa daktari wa masikio, ndiyo au hapana? Utani sitaki. Sifa sitaki. Nijibu kabla ya saa nne, ndipo nifunge kifuniko.