Pipa la Mama Mkwe

Jumapili, 10 Agosti 2025

Tumefika Moshi. Vitu vyote salama — isipokuwa kabati, meza, na sahani sita za harusi. Ndoo zangu tatu za kupikia bia hazina hata mkwaruzo. Mungu anajua kipi kitangulie. Ezra hajacheka.

Nyumba ipo Majengo. Vyumba viwili, jiko, na ua tunaoshirikiana na jirani. Mwezi mzima naambiwa, utaamka unauona Mlima dirishani! Nimeamka. Nimeona wingu na tangi la maji.

Aliyehamishwa ni Ezra, daktari wa mifugo, amerudishwa kwao. Barua yangu mimi ya uhamisho ipo mezani kwa mtu, na mtu yuko likizo. Kwa hiyo mtaalamu wa maabara wa miaka tisa sasa anapanga vyungu. Hongera Doris!

Jumatano, 13 Agosti

Nimepika ndoo ya kwanza. Bia nyeusi, ya kimea cha kukaanga. Hopsi, yale maua makavu ya kutia uchungu, na hamira kaniletea dada mmoja wa mitumba anayepita Holili kila wiki. Anasema afisa mpakani alifungua pakiti ya hopsi, akanusa, akamuuliza anafuga sungura wangapi.

Jioni kapita jirani yetu, Yuditha. Kaona ndoo, mwiko, glavu, na mimi nimeinama napima kwa kichupa. Kafurahi kweli. Kaniagiza lita tano za sabuni ya maji, yenye harufu ya limau. Nikamwambia dada, hii si sabuni, ni bia. Akanitazama kwa huruma. Eti kwani mbege ya ndizi imekwisha mjini?

Loh! Dar watu walikuwa wanakuja kwangu kila Ijumaa, wanaonja, wanafumba macho, wanasema, "Doris, hii ina machungwa kwa mbali." Huku naulizwa limau.

Jumamosi, 23 Agosti

Mwika, kwa mama mkwe. Sasa ni mwendo wa saa moja tu, kisingizio cha umbali kimekufa. Shikamoo Mama. Marahaba, mbona umekonda? Mwaka jana niliambiwa nimenenepa. Najitahidi.

Mama Aikaeli ndiye mpishi wa mbege wa ukoo mzima. Hakuna harusi wala kipaimara bila pipa lake. Nikampelekea chupa mbili za bia nilizotoka nazo Dar — kama fundi kwa fundi. Akamimina kwenye kikombe cha chai. Akaonja kwa ncha ya ulimi. "Imeungua," akasema, akaumwagia mgomba. Mgomba haukulalamika.

Kisha akanionyesha pipa. La mti, jeusi, alilikuta kwa mama mkwe wake. Ndani limejaa utando mnene, unaweza kuukwangua kwa kijiko. Nikauliza kitaalamu, linaoshwa na nini? Linasuuzwa na maji. Basi? Basi. Nywele zilinisimama.

Ila msesewe! Gamba la mti wanalotilia uchungu badala ya hopsi. Nimetafuna kipande. Uchungu ule ule ninaohangaika kuuagiza Nairobi, na hapa unaota nyuma ya banda la mbuzi. Sikumwambia mtu.

Habari kubwa: tarehe 13 Septemba, Fredy, mdogo wake Ezra, anapeleka mbege kwa kina Gladness, anakotaka kuoa. Bila mbege hakuna posa. Wazee wa kule wanakunywa kwanza, ndipo wanafungua mdomo. Na baba mkubwa wa Gladness, Mzee Ebenezeri, hamtaki Fredy hata kwa dawa. Anatafuta sababu tu. Ikienda pombe mbovu, kaipata.

Ezra na Fredy wamesalimiana kwa kidevu. Tangu wamzike baba yao ndivyo walivyo. Fredy aling'oa mibuni ya marehemu akapanda parachichi. Ezra hajasema neno, amenuna tu. Mwaka wa tatu huu.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo zimepikwa ndizi. Mbivu, masufuria mawili makubwa, kuni tangu alfajiri mpaka zikawa nyekundu. Hiyo ndiyo nyasa. Inakaa pipani siku nne, tano, inachachuka, halafu ndipo unaingia uji wa kimea cha ulezi. Mimi niliambiwa nikae, mgeni hafanyi kazi. Mgeni! Ndoa ya miaka mitano!

Saa tisa Mama kaenda mazoezi ya kwaya. Akaniachia neno moja: suuza pipa, nyasa ikipoa umimine.

Nikasuuza. Eeh, nikasuuza kweli kweli. Dawa yangu ya kuua vijidudu natembea nayo, wengine wanatembea na biblia. Brashi ya waya. Saa mbili nzima nasugua. Utando ukatoka mapande mapande, mbao ikatokea nyeupe kama jino. Nikasuuza na maji mara tatu, nikamimina, nikafunika kwa majani ya mgomba. Karne nzima ya uchafu, kwishney.

Mama aliporudi akakuta kazi imekwisha. Akaniangalia. "Umejitahidi, mwanangu."

Mwanangu! Nimeandika hapa ili nisije nikasema niliota.

Jumatatu, 8 Septemba

Ezra anauliza kwa nini naimba nikiosha vyombo.

Jumatano, 10 Septemba

Kumekucha. Fredy kapiga simu saa mbili asubuhi, sauti imemkauka. Mbege imekataa. Siku ya nne, hakuna povu, hakuna harufu, imetulia kama chai iliyosahaulika. Mama anawaita wote, leo leo.

Nilijua kabla hajakata simu. Miaka tisa ya maabara, jamani! Mtu anayelisha vijidudu kwenye visahani kwa mshahara! Ule haukuwa uchafu. Ule utando ndio uliokuwa hamira yao. Mama mkwe wa Mama aliulea, Mama akaulea, nikaja mimi na brashi ya waya.

Njia nzima ya Mwika nilikuwa nafungua mdomo nimwambie Ezra. Nikafumba. Nikafungua. Akaniuliza kama nina jino bovu.

Tumekaa sebuleni. Mama hakulia, hakufoka. Kasema nyasa ikigoma, ujue nyumbani kuna aliyeweka kinyongo. Pombe haichachuki penye watu wasiosemezana. Kila mtu aseme lake, tumuombe Mungu, tuone. Nikajiambia haya ni mambo ya kizamani. Na nani alinikumbusha kuwa ya kisasa ndiyo yaliyotufikisha hapa?

Ezra akaanza. Akamwambia Fredy, tangu ung'oe mibuni ya baba sijakuita mdogo wangu hata moyoni. Fredy akasema mibuni ilikuwa imekufa, aliing'oa huku analia, na aliyekuwa Dar hakuuliza. Wanaume wawili wazima, wakaangua kilio. Ezra! Ambaye hata mguu ulipovunjika alisema tu "duh".

Halafu Mama. Kumbe na yeye analo. Akanigeukia mimi. Akasema aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba Ezra kaoa mapambo, mwanamke wa pwani asiyejua kazi ya mikono. Akasema, Jumamosi nilikuta umemaliza pipa peke yako, nikaona haya. Nisamehe, mwanangu.

Wote wakanitazama. Zamu yangu.

"Mimi sina, Mama," nikasema. "Moyo wangu mweupe."

Mweupe! Kama lile pipa.

Wakasimama kuomba, wakaimba pambio. Nikaomba kwenda kujisaidia. Nikaenda bandani, kwenye pipa. Mkobani nilikuwa na pakiti yangu ya mwisho ya hamira ya Uingereza, niliyoiwekea bia ya Krismasi. Nikachana kwa meno, nikamwaga yote, nikakoroga na mwiko. Wao wanaimba asante Yesu, mimi naomba isiwe imeharibika njiani.

Alhamisi, 11 Septemba

Imechemka! Fredy anapiga kelele kwenye simu, povu limesukuma majani ya mgomba mpaka chini. Mama anasema ameona kwa macho yake, msamaha una nguvu.

Ezra na Fredy wameongea dakika arobaini. Kuhusu mbuzi! Ezra kacheka mpaka Yuditha kachungulia uani.

Sasa nikaseme nini? Kwamba si msamaha, ni unga wa pakiti? Kwamba kinyongo chenu hakikuhusika, mlilia bure? Afadhali ninyamaze. Mbege ipo, ndugu wamepatana, Fredy ataoa. Kila mtu kafaidi. Mimi tu ndiye siwezi kula.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyamaza, Doris.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika jikoni kwa kina Gladness, nimekaa juu ya gunia la mahindi. Nje kuna watu sitini. Pipa lipo katikati ya ua, limefunikwa. Mzee Ebenezeri kakaa mbele, koti la suti, fimbo, uso wa mtu aliyekuja kukagua.

Nimeionja asubuhi kwa kidole. Ni nzuri. Ndilo tatizo lenyewe. Mbege ya Mama ina ukali unaokukaza mashavu, kila mtu wa Mwika anaujua. Hii ni laini. Ina machungwa kwa mbali.

Nusu saa iliyopita Mama kaingia, kafunga mlango. Tukabaki wawili. Akachomoa kitu kwenye fundo la kitenge, akakiweka juu ya meza, akakinyoosha kwa kidole gumba. Pakiti yangu. Imekunjwa, kona imechanika, alama za meno zipo.

Kaiokota bandani Jumatano jioni. Kiingereza hasomi, lakini alichungulia ndani ya pipa, juu kidogo ya nyasa, akaona mbao ilivyo nyeupe. Tangu Jumatano anajua! Na Alhamisi akasema msamaha una nguvu, na Ijumaa akanipa nikoroge uji wa ulezi mwenyewe, na hakusema neno.

Nikaanza, Mama, nilifikiri ni uchafu, nilitaka tu — akaninyamazisha kwa mkono. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Akasema pipa litarudi, atachota mashapo kwa mwenzake wa Mshiri, mwaka mmoja, miwili, litarudi. Pipa si kitu. "Jumatano tulisema wote. Mimi nilisema mbele ya watoto wangu. Kikabaki chako."

Nikamwambia nikisema leo, Mzee Ebenezeri kapata sababu yake. Akasema anajua. Akasema pia kwamba mpishi ndiye huonja kwanza mbele ya watu, ili wajue hakuna ubaya ndani, na yeye hii hakuipika. Hajawahi kuonja mbele ya wazee asichopika tangu aolewe, hataanza leo kwa posa ya mwanawe.

Akachukua kata, ile ya kibuyu ya mkono mrefu, akatoka. Kupitia dirishani nikamwona anafunua pipa, anachota. Akarudi nayo imejaa, akaitua mezani mbele yangu pembeni ya pakiti. Akatoka tena.

Namsikia nje. Mzee Ebenezeri kauliza mbona mpishi hajitokezi. Mama kamjibu, sauti ile ya kwaya, ua mzima unasikia: mpishi wa leo ni binti yangu, mke wa Ezra, ana neno la kusema kabla hamjanywa.

Ana neno! Mimi!

Fredy kachungulia mlangoni, tai imeenda upande, jasho linamtoka. "Shemeji, wanakungoja." Nyuma yake Ezra, haelewi kitu, ananitabasamia kama siku ya harusi.

Povu la kata linashuka. Nimeshasimama, naandika nimeinamia meza. Kata hii haishikiki kwa mkono mmoja, naweka kalamu.