Muhuri wa Barua ya Hamisi

Muscat, Ijumaa

Mama yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje, na hapo Dunda wote wazima? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila moyo unanichemka. Nimeandika kwa karatasi na kumpa jirani anayerudi, akusomee yeye, maana anayekusomea ujumbe wa simu ni Hamisi, na habari zenyewe ni zake.

Mdogo wangu Zuhura alipoachishwa kazi shuleni Kerege, ilikuwa kwa barua pepe iliyodai cheti chake ni cha kughushi. Ilitoka kwenye anwani ya ofisi ya Hamisi. Naye, mtoto wa mama mdogo, akalia mbele yako: "Wallahi mama mkubwa, wezi wa mtandao wameiga jina langu!" Ukamfuta machozi.

Mimi sikumwamini. Kutwa nzima nimefungiwa chumba cha mashine chenye baridi ya jokofu, natunza barua pepe za kampuni ya watu, kwa hiyo mambo haya nayajua. Zuhura kwanza alinitumia picha ya kioo cha simu, haikunifaa. Nikamtaka amwombe mwalimu mkuu barua yenyewe, pamoja na mistari ya juu ambayo kwa kawaida hufichwa. Humo mna muhuri wa ofisi iliyotuma, na jina la ufunguo wa kuukagulia. Ufunguo huo uko DNS, yaani daftari la majina ya mtandao, wazi kwa kila mtu. Nikaandika jina lile, nikafuatisha neno "_domainkey" na jina la mtandao la ofisi ya Hamisi, ufunguo ukatoka. Muhuri ukakubali, wala hakuna herufi iliyobadilishwa. Mwizi wa nje huiga jina, muhuri ule hawezi. Na ofisi ile ina kompyuta moja na mtu mmoja.

Leo nafasi ya Zuhura anaikalia nani? Mke wa Hamisi! Kikulacho ki nguoni mwako, mama.

Nasikia mnataka kumsomea halbadiri aliyeandika barua ile, apatwe na laana, na Hamisi ameahidi mbuzi ili asishukiwe. Zamani nilikukataza mambo hayo. Safari hii sikukatazi. Usimwambie neno. Mkaribishe, mkalishe karibu na shekhe, aitikie "Amin" kila dua. Akishaitikia ya mwisho, mpe karatasi ya pili iliyomo humu bahashani, yenye barua ile na muhuri wake, aisome kwa sauti mbele ya watu.

Nisalimie Zuhura, mwambie ale. Msalimie bibi mzaa baba. Mama mdogo naye msalimie sana, sina ugomvi naye. Ila siku hiyo mtafutie safari, asimwone mwanawe.

Binti yako, ambaye hajasamehe,
Mwanaidi