Ukuta Haubebeki Kuletwa Chumbani

Mpendwa mshauri Mama Agnetha, shikamoo. Naomba msaada, ila ushauri wa kunyamaza nimeshapewa na mama mkwe, mwingine wa aina hiyo sihitaji.

Mimi na mume wangu Eustace tunaandika mabango hapa Masumbwe, na mabango yetu utayajua tu, herufi kubwa zenye vijiguu juu na chini, zimechorwa mstari wa nje peke yake, katikati wazi, ubao unaonekana, na wanunuzi wa dhahabu wanazigombania, hata ukifika machimboni Mwakitolyo utazikuta. Sasa mkono unaozichora ni wangu. Nachora ndani, mlango umefungwa, yeye anabeba kibao kwa mteja, anaitwa Fundi Eustace na mimi naitwa mama wa nyumbani, na mwanzoni nilikubali kwa sababu alisema wateja hawatamwamini mwanamke, nami nilimpenda, na bado nampenda, hilo ndilo linaloniudhi. Basi kanisa letu limetaka jina lake liandikwe ukutani mbele, juu kabisa, na ukuta haubebeki kuletwa chumbani. Eustace akamwambia Mzee Enock, mzee wa kanisa, kwamba ataandika mwenyewe na mimi nitapanda kumsaidia kujaza rangi. Mama, kujaza wapi, na herufi zenyewe ziko wazi? Nimemwambia sipandi ngazi kama msaidizi, anasema nitamwaibisha mbele ya waumini, nami nataka nimwache apande peke yake Jumamosi, siku ya kazi, watu wote waone hajui kuchora. Nakosea wapi?

Mama Vumilia, Masumbwe

Marahaba, Mama Vumilia. Pole sana, na hiyo ya kujaza rangi imenichekesha mpaka chai imenipalia. Lakini nikugombeze kidogo: mlango huo ulikuwa unaufunga wewe. Ulimkabidhi kibao hakijakauka, ukamwacha aondoke na jina lako. Kupenda hakukukataza kusema.

Kumwacha apande aumbuke, hapana. Utacheka Jumamosi moja, kisha ukuta wa kanisa utabaki na makorokoro, na watu watasema Fundi Eustace siku hizi mkono unamtetemeka. Wewe bado hawatakutaja. Hasira yako ni ya haki, sasa itumie vizuri.

Kabla ya Jumamosi nendeni wote wawili kwa Mzee Enock, na Eustace aseme kwa kinywa chake ni nani anayechora. Akishikwa na kigugumizi, sema wewe. Kisha vaa suruali, funga kitenge juu yake, upande mchana kweupe. Ukimaliza, chini kabisa kwenye kona andika jina lako kwa herufi zile zile, na asikuambie mtu uliandike dogo.

Na wewe Eustace, najua gazeti hili unalisoma. Usijifiche nyumbani siku hiyo, mkeo anahitaji mtu wa kumshikia ngazi. Ishike kwa mikono miwili, na mpita njia akisimama kuuliza fundi yule juu ni nani, wewe ndiye utakayemjibu.